Nani Kafungua Faili Langu?

Jioni ya leo nawaletea kesi ndogo kutoka steshenari moja ya hapa Miyuji, Dodoma, zile zenye kompyuta mbili, mashine ya kopi na kijana ambaye mtaa mzima unamwita fundi. Nilikuwa kwenye foleni. Mbele yangu alisimama mama mmoja wa makamo, flashi kaifunga kwenye pindo la khanga pamoja na hela zake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nataka uniangalizie nani kafungua faili langu."

Ndani ya flashi kulikuwa na rasimu ya mkataba wa kuuza kiwanja. Muuzaji ni yeye, mnunuzi ana bei yake, na shemeji yake mmoja ameanza kuitaja ile bei mitaani kabla mkataba haujasainiwa. Mama alikuwa na hakika kwamba flashi ilichukuliwa mezani usiku, ikasomwa, ikarudishwa. Alitaka kitu cha kuweka mbele ya wazee.

Kijana akachomeka flashi, akabonyeza kitufe cha kulia, akafungua dirisha la sifa za faili. Mistari mitatu ikatokea: limeundwa lini, limebadilishwa lini, limefunguliwa lini.

"Limefunguliwa tarehe kumi na mbili, mama."

"Saa ngapi?"

"Saa haionyeshi. Tarehe tu."

"Na ni nani?"

"Haisemi."

Mama akanyamaza kidogo, kisha akamwambia alifungue basi, ahakikishe ndilo lenyewe. Kijana akalifungua, mkataba ukaonekana, akalifunga. Akarudi kwenye dirisha la sifa. Tarehe kumi na mbili haikuwepo tena. Ilikuwepo tarehe ya siku ileile.

"Kwa hiyo sasa mwizi ni wewe," mama akasema, na foleni nzima ikacheka.

Alichosema mama yule ni sahihi kabisa kwa hesabu za kompyuta. Mtu wa mwisho aliyelifungua faili ndiye anayebaki kwenye kumbukumbu, na wote waliotangulia hufutika. Isitoshe, hata yeye anabaki bila jina. Ndiyo maana leo nataka tuseme juu ya hiyo saa ya kufunguliwa kwa faili. Watu wanaiamini kupita kiasi, ofisini, mashuleni, hata kwenye mabaraza, na waliotengeneza kompyuta wenyewe waliacha kuiamini zamani.

Kila faili lina mambo mawili. Kuna maandishi yake, na kuna maelezo yake yanayotunzwa pembeni: ukubwa, limekaa wapi kwenye diski, na saa zake. Kwenye Unix, mfumo endeshi ulioanza kuandikwa mwaka 1969 katika maabara za Bell huko Marekani na akina Ken Thompson na Dennis Ritchie, saa hizo hatimaye zikawa tatu. Ya kwanza ni ya mara ya mwisho faili kusomwa. Ya pili ni ya mara ya mwisho maandishi yake kubadilishwa. Ya tatu ni ya kubadilika kwa yale maelezo ya pembeni, kwa mfano faili likipewa mmiliki mwingine. Mifumo mingi ya leo, pamoja na Linux na ile iliyo ndani ya simu zetu, imerithi mpango huo.

Na saa hizo haziandikwi kama tunavyozisoma ukutani. Unix huhesabu sekunde tangu saa sita usiku wa kuamkia 1 Januari 1970 kwa saa za Greenwich, ambayo hapa kwetu ilikuwa saa tisa usiku. Windows ina hesabu yake nyingine: inaigawa kila sekunde vipande milioni kumi na kuvihesabu tangu 1 Januari 1601. Mwaka huo Wareno walikuwa hawajatimiza hata miaka kumi tangu waanze kuijenga Ngome ya Yesu pale Mombasa. Sijui kama kuna karani yeyote duniani mwenye daftari linaloanzia mbali hivyo kwa ajili ya kuandika barua ya leo asubuhi.

Flashi ya mama ilikuwa na mpango wa zamani, uitwao FAT, ambao Microsoft waliuanza miaka ya 1970 kwa ajili ya diski laini ndogo. Nafasi ilikuwa finyu, na kila baiti ilipiganiwa. Saa ya kufunguliwa ilipokuja kuongezwa baadaye, ilipewa baiti mbili tu, zinazotosha tarehe. Ndiyo sababu kijana hakuona saa. Haikufichwa wala haikupotea, haikuwahi kuandikwa. Hata saa ya kubadilishwa kwenye mpango huo inaruka kwa sekunde mbili mbili, kwa hiyo huko hakuna sekunde witiri. Na mwaka wa kwanza unaojulikana huko ni 1980.

Sasa, kwa nini mtu alitaka kujua faili limesomwa lini? Sababu zilikuwa za kazi. Faili ambalo halijaguswa kwa miezi linaweza kuhamishiwa kwenye ghala, na faili la muda lisilosomwa kwa siku kadhaa linaweza kufutwa. Programu za barua pepe za zamani nazo ziliitumia kwa ujanja mzuri: sanduku la barua ni faili, na kama limebadilishwa baada ya kusomwa mara ya mwisho, basi kuna barua mpya ambayo mwenyewe hajaiona. Hakuna popote katika hayo ambapo mtu alikusudia kumkamata shemeji.

Tatizo likaja lenyewe. Ukiamua kuandika kila mara faili linaposomwa, umegeuza kila usomaji kuwa uandishi. Fikiria kompyuta inayowaka: inasoma maelfu ya mafaili kabla hujaona hata picha ya mbele. Kwa kila moja, mfumo unatakiwa urudi diskini kuandika "nimelisoma hili sasa hivi." Hata faili ambalo tayari liko kwenye kumbukumbu ya haraka, lisilohitaji diski kabisa, linaishia kuiamsha diski kwa ajili ya saa yake tu.

Agosti 2007, Ingo Molnar, mmoja wa waandishi wakuu wa kiini cha Linux, aliwaka hadharani juu ya jambo hili, kwa maneno makali. Hoja yake ilikuwa kwamba mzigo huu unailemaza Linux kuliko karibu kitu kingine chochote upande wa diski, na kwamba karibu hakuna anayefaidika nao. Wapo waliokuwa wameshaizima saa hiyo kabisa kwenye mashine zao. Wengine waliogopa: zile programu za barua zingechanganyikiwa.

Njia ya kati ilikuwa imekwishaandikwa na Valerie Henson, na Matthew Garrett akaiongezea sharti la siku moja. Kuanzia toleo la 2.6.30 la kiini cha Linux, lililotoka Juni 2009, ndiyo ikawa desturi. Sharti lenyewe ni hili: faili likisomwa, saa ya kusomwa haiandikwi upya isipokuwa kama faili limebadilishwa tangu lilipoandikiwa saa hiyo, au kama saa iliyopo imeshapitisha masaa 24.

Tulia kidogo hapa, msikilizaji, kwa sababu hapa ndipo watu wasio na hatia wanapoweza kusingiziwa. Tuseme ofisi ina kompyuta moja ya Linux inayotumiwa na wengi. Faili la mishahara limeandikwa na kuhifadhiwa Jumamosi. Jumatatu saa tatu asubuhi mhasibu analifungua. Ni mara ya kwanza tangu libadilishwe, kwa hiyo saa inaandikwa: Jumatatu, saa tatu. Jumatatu hiyohiyo saa nane mchana dereva anaingia, anafungua, anasoma mshahara wa kila mtu. Hakuna kinachoandikwa. Jumanne saa mbili asubuhi mlinzi naye anaingia kabla wenzake hawajafika, anasoma. Masaa 24 hayajatimia, hakuna kinachoandikwa. Saa mbili na nusu bosi anafika, siri imeshazagaa, anaitisha uchunguzi. Kompyuta inasema nini? Inasema mara ya mwisho faili lilifunguliwa Jumatatu saa tatu asubuhi. Nani alikuwepo saa hiyo? Mhasibu. Yule mwenye haki ya kulifungua ndiye anayesimamishwa, na wale wawili wanakunywa chai.

Mashine katika mfano huo haijaharibika wala haijachezewa. Inafanya kazi kama ilivyoagizwa.

Upande wa Windows hali ilikuwa tofauti, na kwa maoni yangu mbaya zaidi kwa wachunguzi. Windows Vista, iliyofika kwa wanunuzi wa kawaida Januari 2007, ilikuja ikiwa imezima uandikaji wa saa hii kwenye diski zake za kawaida. Windows 7 ikafuata mkondo huo. Lakini mstari wenyewe haukuondolewa kwenye dirisha la sifa. Uliendelea kuonyeshwa, una tarehe, una saa, una dakika na sekunde, na kwa mafaili mengi ulionyesha tu saa ambayo faili lilifika kwenye diski ile. Kwa zaidi ya miaka kumi maofisi mengi yalikuwa na kompyuta zinazoonyesha saa ya kufunguliwa isiyohusiana na kufunguliwa. Matoleo ya Windows 10 ya kuanzia 2018 yaliacha mfumo wenyewe uamue iandikwe au isiandikwe. Na hata inapoandikwa, Windows inaruhusiwa kuchelewa hadi saa nzima kabla ya kuipeleka diskini. Simu za Android kwa kawaida zimeizima kwenye sehemu inayotunza data ya mtumiaji, kwa kuwa kumbukumbu zake huchakaa kwa kuandikwa.

Halafu kuna wasomaji wasio watu. Programu ya kuzuia virusi inapopita flashi nzima, inasoma. Programu ya nakala za akiba inasoma. Ukifungua folda yenye picha, kompyuta inasoma kila picha ili ikuchoree kipicha kidogo, ingawa hukubonyeza hata moja. Mashine haina njia ya kukuambia kupitia saa ile kwamba aliyesoma alikuwa binadamu mwenye nia.

Kuhusu saa yenyewe ya kompyuta, nina malalamiko ya siku nyingi. Ndani ya kompyuta ya mezani kuna kibetri cha duara kama sarafu kinachoiwezesha kukumbuka saa hata ukiichomoa kwenye umeme. Kikifa, kila ikikosa umeme inaamka ikiwa miaka mingi nyuma, na kila barua inayoandikwa siku hiyo inazaliwa na tarehe ya zamani. Hilo angalau linaonekana. Lisiloonekana ni la ukanda wa saa. Kompyuta iliyosimikwa Windows ya Kimarekani mara nyingi huanza na saa za pwani ya magharibi ya Marekani. Mtumiaji anaona saa haiendani na ya simu yake, anaisogeza mpaka zilingane, anaridhika. Saa inasoma sawa, lakini ukanda umebaki wa Marekani.

Sasa aandike barua mwezi wa kwanza, saa tatu asubuhi. Kompyuta inaamini iko masaa nane nyuma ya Greenwich, kwa hiyo diskini inaandika kwamba Greenwich ni saa kumi na moja jioni. Diski ile ikifunguliwa kwenye kompyuta nyingine iliyowekwa ukanda wa Afrika Mashariki, inaongeza masaa yetu matatu, na barua ya saa tatu asubuhi inaonekana imeandikwa saa mbili usiku. Mtu aliyekuwa ofisini mchana kweupe anaonekana alibaki peke yake gizani. Lakini flashi ya FAT ikipita kwenye kompyuta hizohizo mbili, saa haibadiliki, kwa kuwa FAT huandika saa ya ukutani kama ilivyo, bila kuulizia Greenwich. Nakala mbili za barua moja, saa mbili zilizoachana kwa masaa kumi na moja, na hakuna aliyedanganya.

Na bado sijamgusa anayedanganya kwa makusudi. Kwenye Linux kuna amri fupi ya kulipa faili lako saa yoyote unayotaka. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaifahamu.

Sheria yetu, kwa bahati, haikuwa na haraka kama sisi kwenye foleni. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki, namba 13 ya mwaka 2015, kifungu cha 18, inasema ushahidi wa kielektroniki usikataliwe kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Lakini katika kuupima uzito, mahakama itazame namna data ilivyozalishwa, ilivyotunzwa na ilivyosafirishwa, uthabiti wa namna ilivyolindwa isibadilishwe, na jinsi mwenye kuitoa alivyotambuliwa. Pima saa ya kufunguliwa kwa vipimo hivyo. Ilizalishwa na mfumo uliopewa ruhusa ya kuruka. Ilitunzwa mahali ambapo kila msomaji anayefuata anaifuta. Na aliyesoma hakutambuliwa kabisa. Wachunguzi wanaojua kazi yao hawafungui flashi kwa kubonyeza. Huiunganisha kupitia kifaa kinachozuia kuandika chochote, wanachukua nakala ya kila baiti, kisha wanafanyia kazi nakala. Mama yetu alipofika steshenari, kile kidogo kilichokuwepo kilikwisha kwa mibonyezo miwili.

Sisi wa Dodoma tuna sababu ya kuyaelewa haya kuliko miji mingine, maana huu ni mji wa majalada. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, iliundwa mwaka 1973 uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulipopitishwa, ikapima na kugawa viwanja kwa miaka zaidi ya arobaini, ikavunjwa 15 Mei 2017. Kazi zake zikaenda kwa Manispaa, na 26 Aprili 2018 Manispaa ikawa Jiji. Katikati ya hayo, kuanzia 2016, wizara zikaanza kuja na makabati yao. Mtu mwenye kiwanja Miyuji anajua maana ya kuambiwa, "jalada lako halionekani."

Mtunza kumbukumbu wa masjala ana daftari lake. Jalada likitoka, anaandika namba yake, limekwenda kwa nani, siku gani. Likirudi, anaandika. Ndani ya jalada karatasi zina namba za folio, ili ikichomolewa moja pengo lionekane, na kila dokezo lina jina la aliyeandika, cheo na tarehe. Daftari la masjala lina udhaifu wake; anayesomea jalada palepale kaunta bila kuliondoa anaweza asiandikwe. Lakini mstari mpya haufuti wa zamani. Ukitaka kujua jalada lilikuwa kwa nani mwezi wa tatu, unafunua kurasa nyuma. Saa ya kompyuta haina kurasa za nyuma. Ni mstari mmoja tu, na kila mgeni anaandika juu ya aliyemtangulia.

Kompyuta inaweza kuwa na daftari la namna ya masjala, tena kali kuliko la karatasi. Windows za maofisini na Linux zote zina ukaguzi unaoweza kuandika kila aliyefungua faili fulani, kwa jina la akaunti yake, mstari chini ya mstari. Serikali nayo, kupitia Mamlaka ya Serikali Mtandao, imekuwa ikihamishia majalada kwenye mfumo wa ofisi mtandao, ambako safari ya jalada toka meza moja hadi nyingine inabaki na alama. Masharti ni mawili. Ukaguzi lazima uwe umewashwa kabla ya tukio, maana hautarudi nyuma kukuandikia ya jana. Na kila mtu awe na akaunti yake. Ofisi ambayo watu watano wanaingia kwa nywila moja iliyobandikwa chini ya kibodi, ukaguzi wake utasema kwa uaminifu mkubwa kwamba kila kitu kilifanywa na mtu mmoja.

Kwa steshenari, ofisi ya mtaa, kikoba au shule yenye kompyuta moja, ushauri wangu ni wa bei ya kaunta buku. Iweke kando ya kompyuta, mwanzo wa mwaka, si siku ya ugomvi. Piga mistari: tarehe, saa, jina, faili gani, kwa kazi gani, sahihi. Flashi yenye mkataba au mitihani iwekewe nywila kwenye faili lenyewe, ili kulifungua kusiwe jambo la kila aliyeikuta mezani. Na kwenye safu ya saa kubalianeni mapema mtaandika vipi. Kompyuta ikionyesha 15:00 sisi tunasema saa tisa, na nimekwishaona daftari ambalo karani wa asubuhi anaandika saa ya kompyuta na wa mchana anaandika ya Kiswahili, kiasi kwamba mtu mmoja alionekana ametoka kabla ya kuingia.